East Anglia au Northumberland: uanzie wapi kuitafuta Uingereza ya kale

Mgeni akisema anataka kuona Uingereza ya kale, wenyeji wengi humpeleka Stonehenge. Si vibaya, mawe yale yanastahili sifa zake. Ila Stonehenge haitamjibu maswali ambayo mpenda historia huja nayo: nani alikanyaga kwanza ardhi hii, dola ya Warumi iliishia wapi, Waangli waliovuka bahari kutoka pande za Denmark na Ujerumani za leo walikaa wapi, na wafalme wao waliishi na kuzikwa vipi. Kwa maswali hayo zipo pande mbili za nchi zinazoshindana. Moja ni East Anglia, lile bega la mashariki linaloingia kwenye Bahari ya Kaskazini. Nyingine ni Northumberland, kona ya juu kabisa inayopakana na Scotland.

Nazipenda zote mbili, lakini singempa kila mtu jibu moja. Likizo ni fupi, nauli ya treni Uingereza ni ghali, na upande unaomfurahisha mmoja utamchosha mwingine. Basi nizilinganishe kwa yale yanayomsaidia mtu kuamua.

Ninaposema East Anglia nina maana ya kaunti za Norfolk na Suffolk pamoja na tambarare za Fens zinazoingia Cambridgeshire. Ninaposema Northumberland najumlisha mdomo wa mto Tyne, yaani Newcastle, South Shields na Jarrow, kwa kuwa kihistoria haviachani. Ufalme wa kale wa Northumbria ulikuwa mpana zaidi: ulianzia mto Humber ukafika mlango wa mto Forth, ndani ya Scotland ya leo.

Nchi ya mchanga, nchi ya mawe

Tofauti iliyozaa nyingine zote ni hii: East Anglia haina mawe mazuri ya kujengea, na Northumberland imejaa mawe.

Chini ya Norfolk na Suffolk kuna miamba ya chokaa, na juu yake mchanga, kokoto na udongo wa mfinyanzi ulioletwa na barafu. Takriban miaka 450,000 iliyopita barafu ilifunika sehemu kubwa ya eneo hili, ikayeyuka na kuacha mzigo wake hapo hapo. Jiwe la kutegemewa ni gumegume, lile jeusi la kung'aa linalotoa cheche, nalo hupatikana kwa vipande vidogo. Makanisa mengi ya Norfolk yamejengwa kwa vipande hivyo vilivyoshikizwa kwa lipu ya chokaa. Beacon Hill karibu na Cromer, mahali pa juu kuliko pote Norfolk, pana kama mita 100 tu.

Magharibi yake kuna Fens. Zamani ilikuwa nchi ya vinamasi na visiwa, na mji wa Ely ulikuwa kisiwa kweli kweli. Katika karne ya 17 matajiri wa Kiingereza walimwajiri mhandisi Mholanzi, Cornelius Vermuyden, akachimba mifereji mirefu iliyonyooka ya kuondolea maji. Maji yakaondoka, lakini udongo wa mboji uliokuwa umelowa kwa maelfu ya miaka ukakauka, ukasinyaa na kupeperushwa na upepo, na ardhi ikashuka. Pale Holme Fen walizika nguzo ya chuma mwaka 1851, ncha yake ikiwa sawa na uso wa ardhi. Leo nguzo hiyo imesimama wazi kwa mita 4 hivi, na mahali penyewe ni chini ya usawa wa bahari kwa takriban mita 2.75. Ukitaka kuona binadamu anavyoweza kuigeuza nchi bila kukusudia, nenda kaitazame nguzo ile.

Hata maziwa mazuri ya Norfolk, yanayoitwa Broads, ambako watu hukodi boti wakati wa kiangazi, si ya asili. Wataalamu waliamini hivyo mpaka miaka ya 1950, pale mtaalamu wa mimea Joyce Lambert alipoonyesha kuwa ni mashimo ya watu wa zama za kati waliochimba mboji ya kuchomea, kisha yakajaa maji.

Northumberland ni kinyume. Mlima wa Cheviot una mita 815. Katikati ya kaunti unapita ukanda wa mwamba unaoitwa Whin Sill: takriban miaka milioni 295 iliyopita uji wa moto ulipenya kati ya matabaka ya miamba mingine, ukapoa na kuwa doleriti, jiwe la kijivu gumu ajabu. Mwamba huo umeinama. Upande wa kusini una mteremko wa polepole, wa kaskazini ni genge la wima. Warumi walipotaka kuzuia watu wa kaskazini walijenga ukuta wao juu ya genge hilo. Ngome ya Bamburgh imekaa juu ya mwamba huo huo, ngome ya Lindisfarne pia, na visiwa vya Farne ni vipande vyake vilivyoachwa baharini.

Watu nao ni wachache kaskazini. Sensa ya mwaka 2021 iliwakuta takriban 320,000 Northumberland, na zaidi ya 900,000 Norfolk, ingawa kaunti hizi hazipishani sana kwa ukubwa. Utatembea saa nzima juu ya vilima vile ukutane na kondoo tu.

Kwa hiyo, kama wewe ni mtu wa kuamini ulichokiona kwa macho, kaskazini itakushika siku ya kwanza. Mashariki inadai usome kabla hujafika, kwa sababu karibu kila kitu chake kilikuwa cha mbao na udongo, na mengine bahari imeyala.

Nyayo za mwanzo: mashariki haina mpinzani

Mwezi Mei 2013, baada ya mawimbi kuchokonoa ufuo wa kijiji cha Happisburgh huko Norfolk, ilionekana sakafu ya matope magumu yenye vishimo virefu virefu. Wataalamu walipozipima na kuzipiga picha kwa makini wakakuta ni nyayo za watu, wakubwa na watoto, waliopita kwenye ukingo wa mto kati ya miaka 850,000 na 950,000 iliyopita. Ndizo nyayo za kale zaidi za jamii ya binadamu zilizopatikana nje ya Afrika. Ndani ya kama wiki mbili bahari ilikuwa imezifuta zote.

Msomaji wa Tanzania anajua kwa nini maneno "nje ya Afrika" yana uzito. Nyayo za Laetoli, karibu na Ngorongoro, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey miaka ya 1970, zina umri wa miaka milioni 3.6. Kati ya jivu la volkano la Laetoli na matope ya Happisburgh kuna safari ndefu ya viumbe waliotembea kwa miguu miwili, na ncha ya kaskazini ya safari hiyo, kwa kadiri tunavyoijua, ni ufuo huu wa Norfolk. Wakati huo Uingereza haikuwa kisiwa. Walifika kwa miguu.

Niseme wazi: ukienda Happisburgh leo hutaona nyayo. Utaona genge la mchanga linaloporomoka, mabaki ya barabara inayoishia hewani, na mnara wa taa wenye mistari myekundu na meupe. Kwa mtu asiyeijua habari hii ni ufuo wa kawaida wenye upepo. Kwa aliyewahi kusimama Olduvai au kusoma habari za Laetoli shuleni, mimi naona safari inalipa.

Kaskazini hawana cha kuweka mbele ya hilo, kwa sababu barafu za baadaye ziliparua nchi yao. La mapema walilo nalo kwa uhakika ni nyumba ya wawindaji iliyochimbuliwa Howick, kwenye genge la pwani, ya takriban mwaka 7600 KK. Waliokaa humo walikula sili na kuchoma kokwa za mti wa hazel, na mbele yao bahari ilikuwa ikipanda taratibu kuimeza nchi ya Doggerland iliyounganisha Uingereza na bara.

Kabla ya Warumi

Hapa pia nawapa mashariki ushindi, ingawa si kwa mbali. Grime's Graves, karibu na mji wa Thetford, ni machimbo ya gumegume ya takriban mwaka 2600 KK. Kuna zaidi ya mashimo 400, na moja limewekewa ngazi hivyo unaweza kushuka mita 9 mpaka chini, ukaona mikondo waliyochimba kwa sururu za pembe za kulungu. Juu ni uwanja wa nyasi wenye mabonde mabonde. Bila kushuka hutaelewa chochote.

Kisha kuna Seahenge. Mwaka 1998 mchanga wa Holme-next-the-Sea uliondoka ukaacha wazi duara la nguzo 55 za mwaloni, katikati yake kisiki kikubwa kilichopinduliwa mizizi juu. Pete za miti hiyo zilisomwa, ikajulikana kuwa ilikatwa mwaka 2049 KK. Hesabu ya namna hiyo, mpaka mwaka wenyewe, ni nadra kwa kitu cha umri ule. Mbao zilihamishwa zisiharibike, na sehemu yake iko kwenye jumba la makumbusho la King's Lynn.

Northumberland ina michoro ya miambani: vishimo mithili ya vikombe vilivyozungushiwa duara baada ya duara, vilivyochongwa maelfu ya miaka iliyopita. Lordenshaw na Roughting Linn ni mahali pazuri pa kuiona, bila kiingilio na mara nyingi bila mtu mwingine. Nenda asubuhi au jioni jua likiwa chini, maana saa sita mchana michoro hiyo karibu hupotea machoni.

Warumi: hapa usibishane na kaskazini

East Anglia ina Boudica. Mumewe Prasutagus, mfalme wa kabila la Iceni, alipofariki, maofisa wa Kirumi walimpokonya mjane mali, wakamchapa viboko na kuwadhulumu binti zake. Mwaka 60 au 61 aliongoza uasi uliochoma miji ya Colchester, London na Verulamium kabla ya kushindwa. Ni habari ya kusisimua, lakini ukienda kuitafuta kwenye ardhi ya Iceni utapata kidogo. Venta Icenorum, mji uliojengwa baadaye karibu na Norwich, ni malisho yaliyozungukwa na kuta. Burgh Castle karibu na Great Yarmouth ni bora zaidi: kuta za ngome ya pwani zimesimama kwa zaidi ya mita 4, za gumegume na matofali, zikitazama vinamasi ambavyo zamani vilikuwa maji ya bahari.

Sasa linganisha na Ukuta wa Hadrian. Ulianza kujengwa mwaka 122, kilomita 117 kutoka pwani hadi pwani, na vipande vyake bora viko Northumberland. Wengi hudhani ndio mpaka wa Uingereza na Scotland. Sivyo, sehemu kubwa ya Northumberland iko kaskazini ya ukuta. Pale Housesteads utaona choo cha askari kilivyojengwa, mfereji wake na mabirika ya kunawia. Pale Vindolanda, ambako uchimbaji unaendelea kila mwaka, udongo wenye maji usiopitisha hewa umehifadhi viatu, mbao na barua. Tangu mwaka 1973 zimepatikana barua nyingi zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya mti. Katika moja, ya kama mwaka 100, Claudia Severa anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa. Nyingine inamtaarifu askari kwamba ametumiwa soksi, ndara na chupi. Baada ya kusoma hizo, hali ya baridi ya mahali pale haihitaji maelezo.

Lakini sababu yangu kubwa ya kumshauri Mwafrika aende ukutani ni nyingine. Ukuta huu ulilindwa pia na Waafrika. Katika karne ya 3 kikosi kilichoandikishwa Mauretania, yaani pande za Morocco na Algeria za leo, kilikaa kwenye ngome ya Burgh by Sands upande wa magharibi. Jina lake limesomwa kwenye jiwe la maandishi lililopatikana karibu na hapo. Kaizari Septimius Severus aliyekuja kupigana Scotland alizaliwa Leptis Magna, Libya, na alifia York mwaka 211. Na pale Arbeia, ngome ya South Shields, kuna mawe mawili ya makaburi ambayo singependa mtu ayapite haraka. Moja ni la Victor, kijana wa miaka 20, Mmauri, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na askari farasi Numerianus, aliyemzika kwa heshima kubwa. La pili ni la Regina, mwanamke wa kusini mwa Uingereza aliyekuwa mtumwa, akaachwa huru na kuolewa na Barates, mtu wa Palmyra, Syria. Chini ya maandishi ya Kilatini mumewe aliongeza mstari kwa lugha ya kwao, akimlilia. Arbeia iko mwendo wa dakika chache kutoka kituo cha metro, katikati ya nyumba za watu wa kawaida.

Wafalme: kisa kimoja, pande mbili

Hapa ushindani unakuwa mgumu, kwa sababu pande hizi mbili zinasimuliana.

Mwanzoni mwa karne ya 7 kaskazini ilitawaliwa na Æthelfrith, mtu wa vita. Hasimu wake Edwin alikimbia, akatangatanga miaka mingi, mwisho akapata hifadhi kwa Rædwald, mfalme wa East Anglia. Æthelfrith akatuma wajumbe na fedha: muue au nikabidhi. Akatuma tena, akaongeza, na akatishia vita. Rædwald akakaribia kukubali. Aliyemzuia ni mkewe, akimwambia kwamba haimpasi mfalme kumuuza rafiki kwa dhahabu. Rædwald akageuka, akakusanya jeshi, na mwaka 616 hivi akamuua Æthelfrith kando ya mto Idle. Edwin akawa mfalme wa Northumbria.

Habari hizi tunazo kwa sababu zaidi ya miaka mia baadaye mtawa wa kaskazini, Bede, aliziandika. Bede hakumpenda sana Rædwald. Alimlaumu kwa kubatizwa Kent kisha kurudi nyumbani na kuweka hekaluni madhabahu mbili, moja ya Kristo na moja ndogo ya miungu ya zamani.

Sasa nenda Sutton Hoo, juu ya mto Deben huko Suffolk. Mwaka 1939 Edith Pretty, mwenye shamba, alimwajiri Basil Brown achimbe tuta kubwa miongoni mwa matuta yaliyokuwa mbele ya nyumba yake. Brown alikuta ribiti za chuma zikiwa zimepangana mistari. Mbao za meli zilikuwa zimeoza zote, lakini mchanga ulikuwa umeshika umbo lake, meli ya mita 27. Maiti nayo haikuonekana, kwa kuwa udongo ule wenye asidi humaliza mifupa. Vilivyobaki ni kofia ya chuma yenye uso, upanga, vifungo vya dhahabu vilivyopambwa kwa vito vyekundu vya garineti, sarafu 37 za dhahabu za Wafaranki, na vyombo vya fedha vya Bizanti, vikiwemo vijiko viwili vyenye majina ya Saulo na Paulo kwa Kigiriki. Wengi wanaamini ni kaburi la Rædwald, aliyefariki kama mwaka 624. Vitu vya kipagani na vya Kikristo ndani ya meli moja: inafanana mno na mtu wa madhabahu mbili. Bi. Pretty, aliyethibitishwa kisheria kuwa mmiliki, alivitoa vyote zawadi kwa taifa, wiki chache kabla ya vita kuu kuanza.

Ukifika Sutton Hoo utakuta matuta ya nyasi, mnara wa kutazamia, nyumba ya Bi. Pretty na maonyesho yenye nakala. Vitu vyenyewe viko London, British Museum, chumba cha 41, na kuvitazama ni bure. Hili ndilo linalowavunja moyo watu wengi. Ushauri wangu ni kwenda British Museum kwanza, kisha Suffolk. Ukifanya hivyo matuta yale yanapata uzito.

Upande wa Edwin upo pia. Pale Yeavering, chini ya vilima vya Cheviot, palikuwa na jumba la kifalme la mbao. Bede anasema mwaka 627 hivi askofu Paulinus alikaa hapo siku 36 akifundisha na kubatiza watu katika mto Glen. Picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1949 zilionyesha alama za majengo shambani, na Brian Hope-Taylor alichimba miaka ya 1950, akakuta kumbi kubwa na jukwaa la ngazi lililokatwa umbo la pembetatu kama kipande cha ukumbi wa Kirumi. Leo ni uwanja mtupu, hapa kaskazini inaonja umaskini wa mashariki. Jumba la makumbusho la Ad Gefrin lililofunguliwa mwaka 2023 katika mji mdogo wa Wooler limejaribu kuujaza uwanja huo, na kwa maoni yangu ni heri kupita hapo kabla ya kwenda uwanjani.

Watawa na Waviking

Kwa Ukristo wa mwanzo kaskazini inaongoza. Mwaka 635 mfalme Oswald alimwita Aidan, mtawa kutoka Iona, kisiwa cha watawa huko Scotland, akampa kisiwa cha Lindisfarne. Hapo ndipo, mwanzoni mwa karne ya 8, ziliandikwa na kupambwa Injili za Lindisfarne. Hapo pia Waviking walishuka mwaka 793 wakapora na kuua, habari iliyotikisa Ulaya nzima. Jarrow, alikoishi Bede mpaka kifo chake mwaka 735, kanisa la Mtakatifu Paulo lina jiwe la kuwekwa wakfu la tarehe 23 Aprili 685, na sehemu ya jengo la wakati huo bado inasaliwa. Wenyeji wanakaa leo walipokaa watawa.

East Anglia ina Edmund, mfalme aliyeuawa na Waviking mwaka 869, ambaye kaburi lake liliufanya mji wa Bury St Edmunds kuwa tajiri. Na ina Etheldreda, binti mfalme aliyeanzisha monasteri ya Ely mwaka 673. Kabla ya hapo aliolewa na Ecgfrith wa Northumbria, na ardhi ya Hexham aliyompa askofu Wilfrid ndiyo iliyojengwa kanisa ambalo pango lake la chini, la mawe yaliyong'olewa kwenye majengo ya Kirumi, unaweza kulishukia hadi leo. Zawadi ya binti wa mashariki imedumu kaskazini kuliko chochote alichojenga kwao.

Nauli, hewa na watoto

London hadi Norwich ni karibu saa mbili kwa treni kutoka Liverpool Street. Sutton Hoo inafikika kwa treni ya kubadilisha Ipswich, unashuka kituo cha Melton na kutembea. Newcastle ni karibu saa tatu kutoka King's Cross. Mashariki unaweza kwenda na kurudi siku moja. Kaskazini lazima ulale, tena zaidi ya usiku mmoja. Bila gari, ukuta una basi namba AD122, lakini ratiba yake hufuata msimu, na Yeavering bila gari ni taabu tupu. Happisburgh na Grime's Graves nazo zinahitaji gari.

East Anglia ndiyo sehemu kavu kuliko nyingi za Uingereza. Kaskazini chukua koti la mvua na sweta hata mwezi Julai; upepo wa ukutani hauna msimu.

Mwenye watoto wadogo awapeleke West Stow, Suffolk, kijiji cha Waanglo-Saksoni kilichojengwa upya mahali pake halisi, watoto wakaingia ndani ya nyumba za mbao. Watoto wa miaka 8 kwenda juu watafurahia zaidi Housesteads, Bamburgh na kuvuka kwenda Lindisfarne.

Kuhusu Lindisfarne, watu wa pwani watanielewa upesi. Barabara yake hupita juu ya mchanga na hufunikwa maji yakijaa, mara mbili kwa siku. Halmashauri ya kaunti hutoa jedwali la saa salama. Kila mwaka magari hunaswa, na bamvua haina subira na mtu aliyebaki kununua zawadi.

Ningemshauri nani aende wapi

Anayeishi London au karibu, anayeweza kutoka Jumamosi moja baada ya nyingine, aanze na East Anglia. Inajifungua kwa kurudiwa: Sutton Hoo siku moja, Ely na Fens nyingine, King's Lynn na ufuo wa Norfolk nyingine. Vivyo hivyo mwalimu wa historia, au mtu anayevutiwa na chimbuko la binadamu.

Anayekuja kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Muscat kwa likizo moja, na hajui lini atarudi, aende Northumberland. Siku nne zinatosha: Arbeia na Jarrow ya kwanza, ukuta wa pili, Hexham na Bamburgh ya tatu, Lindisfarne ya nne kwa kufuata maji. Nafahamu namnyima Rædwald, lakini chumba cha 41 cha British Museum atapita kabla ya kupanda treni, na Injili za Lindisfarne, zinapokuwa kwenye maonyesho, ziko British Library, mwendo wa dakika tano kutoka King's Cross. Tiketi ya kwenda Newcastle aikate wiki kadhaa mapema. Siku ya safari bei yake huwa mara mbili au zaidi.